Boma ya Mpala: ngome ya kilimani na watu waliokimbilia ndani yake

Mara nyingi katika mikutano ya parseli tunasikia sauti moja: "Sisi tulikuwa hapa kwanza." Mwingine anajibu, "Hapana, babu yetu alipewa hii udongo na mapadri." Mapadri gani, na wao walipewa na nani? Swali hilo limeturudisha nyuma mpaka Mpala, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika, kaskazini ya Moba, pale mto Lufuku unapoingia majini. Juu ya kiinuko kinachotazama ziwa kulijengwa boma, na mambo mengi ya eneo letu yalianzia pale.

Mwaka wa 1883 afisa mmoja wa jeshi la Ubelgiji, Émile Storms, alivuka ziwa kutoka Karema, upande wa Tanzania ya leo. Alikuwa mtu wa shirika ambalo mfalme Leopold wa Pili alilianzisha mwaka 1876, ambalo lilisema linataka kuchunguza Afrika na kumaliza biashara ya watumwa. Misafara yake ilianzia pwani ya bahari ya Hindi, ikapita Tabora, ikafika Karema mwaka 1879. Storms alitaka kituo cha pili, huku kwetu. Shefu Mpala, Mtabwa, alimpokea, wakachanjana damu na kuwa ndugu. Tuelewe vizuri: kwa mila ya wakati ule undugu wa damu si zawadi ya udongo. Ni ahadi ya kusaidiana. Mmoja aliona amepata ndugu mwenye bunduki, mwingine aliona amepata nchi. Kutoelewana huko bado tunakutana nako kila wiki, ila siku hizi kunaandikwa kwenye karatasi yenye tampon.

Storms akajenga kwa matofali ya udongo, kuta nene, sura ya ngome kabisa. Watu wakamwita Bwana Boma. Jina hilo linaeleza mengi: hawakumwita kwa dini yake wala kwa dawa zake, bali kwa ukuta wake.

Nguvu ya ukuta ule ilikuwa watu wenye bunduki, rugaruga walioajiriwa, wengi kutoka Unyamwezi na upande ule wa mashariki. Jirani kwenye milima alikaa Lusinga, shefu mwenye nguvu, aliyekamata watu na kuwauza kwa wafanyabiashara wa ng'ambo ili apate baruti na bunduki. Hatutaki kumfanya mtakatifu. Vijiji vingi vilimlilia. Lakini Desemba 1884 rugaruga wa Storms walishambulia kijiji chake, wakamuua na kumkata kichwa, wakakileta ku boma. Storms mwenyewe hakwenda, alituma. Kichwa hicho, pamoja na vya wakubwa wengine wawili, alikichukua mpaka Ulaya, na sanamu ya babu wa Lusinga pia. Sanamu iko makumbusho ya Tervuren. Fuvu liliwekwa katika taasisi ya sayansi ya viumbe kule Bruxelles, kama mali ya kupimwa. Mwaka 2018 mwandishi wa habari wa Ubelgiji alichapisha habari hiyo, watu wengi kule wakashtuka. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa Bruxelles iliondolewa.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, upande wa mashariki ya ziwa uliangukia kwa Wajerumani. Leopold sasa aliangalia zaidi mto Kongo upande wa magharibi, na Storms akaitwa arudi. Boma haikurudishwa kwa watu wa Mpala. Ilitolewa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, pamoja na silaha na mamlaka juu ya watu. Hapo ndipo jibu la wale wa mikutano ya parseli linapoanzia.

Kwa waliorudi, sehemu inayofuata ndiyo inayogusa zaidi. Mapadri walikomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara, na watu wazima nao walikimbilia ukuta ule juu ya vita vya kukamata watumwa. Mwaka 1887 akaja Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akapanga walinzi wa kiafrika. Alioa Mkongomani, akabaki huku mpaka kifo chake mwaka 1927. Ndani ya boma na vijiji vyake mlikuwa watu wa makabila mengi, wasiojua tena wazazi wao ni nani. Waliooana walipewa nyumba na shamba. Lakini walikuwa chini ya kengele: saa ya kazi, saa ya sala, ruhusa ya kuondoka, hukumu ya padri. Walipata usalama, wakapoteza uhuru fulani. Waliokaa kambi za Mwange na Kala kule Zambia, au Lugufu kule Tanzania, wanaweza kutuambia bila kusoma kitabu jinsi mtu anavyoishi kwa kengele ya mwingine.

Pamoja na hayo, Mpala ilizaa kitu ambacho Storms hakukifikiria. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alisoma pale, na mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Aliandika juu ya fikra za watu wake, kwa kalamu yake mwenyewe.

Sasa, nani alikuwa wa kwanza? Wazao wa Mpala walikuwepo kabla ya ukuta. Wazao wa waliokombolewa hawakuchagua kuletwa, na wamezika watu wao pale vizazi vingi. Wale walioshuka Moba kutoka kwenye meli za Mpulungu wamekuta shamba limelimwa na mwingine ambaye naye alikimbia vita. Kwa maoni yetu, kusema "mapadri walitupa" hakutoshi, na kusema "ninyi wakuja" hakufai pia, maana ku ufuko huu wakuja ni wengi kuliko wenyeji. Katika mapatano tunaanza na mipaka inayojulikana na wote wawili: mto, mwembe, kaburi. Ukuta hatuutumii.

Wazee wanaokumbuka majina ya vijiji vilivyozunguka boma, yale ya kabla ya mapadri, tunaomba waje ofisini siku yoyote ya kazi, au watume mjukuu. Tunayaandika katika daftari la kamati ya udongo, na toleo lijalo tutachapisha yale tutakayopata.