Chuo Kilimtema, Sauti Yake Ikakiingizia Mamilioni ya Dola

Kama umewahi kucheza Sega zile za kuchomeka kaseti, basi masikio yako yanamjua jamaa huyu hata kama jina lake hujawahi kulisikia.

Anaitwa John Chowning. Hakuwa injinia wala mtu wa kompyuta. Alikuwa mwanamuziki, mpiga ngoma, aliyesomea utunzi Paris kisha akaingia Chuo Kikuu cha Stanford, Kalifornia, kuendelea na masomo ya muziki. Mwaka 1964 akasoma makala ya Max Mathews wa maabara za Bell, aliyedai kwamba kompyuta inaweza kupiga muziki. Enzi hizo kompyuta ilikuwa ya mahesabu tu, kwa hiyo wengi wangecheka. Chowning akamfuata mzee huko huko New Jersey na kurudi na boksi la kadi za kutobolewa zenye programu yake.

Tatizo likaja: idara ya muziki haina kompyuta. Ikabidi abishe hodi kwenye maabara ya akili bandia, ambako mwanafunzi mmoja akamsaidia kuiwasha ile programu.

Mwaka 1967 ndipo mambo yakabadilika. Chowning alikuwa akichezea mtetemo wa sauti, kama ule unaousikia mwimbaji akitikisa noti. Akauongeza kasi kupita kawaida. Ghafla sikio likaacha kusikia mtetemo, likasikia sauti nyingine kabisa. Kwa mawimbi mawili tu aliweza kutoa kengele, tarumbeta, hata ngoma. Kabla ya hapo sauti nzito kama hizo zilihitaji mawimbi kibao yajumlishwe moja moja. Njia hiyo ndiyo inaitwa FM.

Ofisi ya leseni ya chuo ikaanza kuitembeza kwa wanunuzi. Kampuni kubwa za vinanda za Marekani zikasikiliza, zikakataa. Yamaha ya Japani ikamtuma injinia wake, na dakika chache zilimtosha kuelewa kwamba hapa kuna dili.

Sasa sikia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 70, Stanford ilimnyima Chowning ajira ya kudumu. Mtu aliyeleta sauti mpya duniani akafunga virago na kwenda Ulaya. Wakati huo huo Yamaha walikuwa wanataka kuongea naye, na chuo hakina wa kuwaonyesha! Mwishowe akaitwa arudi, kwanza kama mtafiti, baadaye akapewa uprofesa. Mwaka 1975 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha muziki wa kompyuta kinachojulikana kama CCRMA.

Hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi bila kulipa, ilitolewa mwaka 1977. Mmiliki? Stanford. Chowning alikuwa amekikabidhi chuo haki zake. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa kinanda cha DX7, kikauzika zaidi ya 150,000 na kuzijaza redio za miaka ya 80. Mpaka hataza inaisha muda wake katikati ya miaka ya 90, chuo kilikuwa kimevuna zaidi ya dola milioni 20, na sehemu ya pesa hizo ikasaidia kile kituo.

Kuna kitu wengi wanachanganya hapa. Wimbo, mchoro au katuni unayotengeneza inalindwa na hakimiliki, na katika nchi nyingi haki hiyo inaanza pale tu unapoitengeneza. Njia mpya ya kutengeneza hiyo sauti au picha ni habari nyingine. Hiyo inahitaji hataza, lazima iombwe, ina gharama, na ina mwisho. Ya Chowning ilipoisha, FM ikawa ya kila mtu. Ndiyo maana FL Studio, inayotumiwa na maprodyuza kibao, ina kinanda kiitwacho Sytrus kinachotumia FM na hakuna anayedaiwa.

Je, alidhulumiwa? Si rahisi kusema. Bila kompyuta ya chuo asingegundua kitu, na bila ofisi ya leseni Yamaha huenda wasingemfikia. Lakini bila sikio lake, ile kompyuta ingeendelea kufanya hesabu. Chuo kilijua thamani ya mtu wake pale mnunuzi alipobisha hodi kutoka nje.

Leo vijana wanasomea uhuishaji, muziki na ubunifu wa gemu vyuoni, wakitumia kompyuta na studio za chuo. Nani anamiliki wanachogundua humo? Jibu liko kwenye kanuni za chuo na karatasi wanazosaini siku ya kwanza, zile ambazo karibu hakuna anayezisoma.

Ungekuwa wewe Chowning, ungesaini?