Mnyoo Uliojifungia Ndani: Tarikhi ya Conficker

Tarehe 23 Oktoba 2008 kampuni ya Microsoft, ambayo kwa desturi yake hungoja Jumanne ya pili ya kila mwezi ndipo itoe marekebisho ya programu zake, iliivunja desturi hiyo na kutangaza kwa haraka kwamba mfumo wa Windows una ufa, na papo hapo ikatoa kiraka cha kuuziba, ambacho mafundi wamekijua tangu hapo kwa nambari MS08-067. Ufa wenyewe ulikuwamo katika huduma inayoziwezesha kompyuta za afisi moja kushirikiana mafaili na printa, na ubaya wake ulikuwa kwamba mtu aliye mbali, asiye na idhini wala neno la siri, aliweza kuipelekea kompyuta ujumbe uliopangwa kwa hila na kuilazimisha itii amri zake. Aliyeweka kiraka siku ile alikuwa amekwisha kusalimika na balaa ambalo lilikuwa bado halijadhihiri, na hapa ndipo penye aibu ya tarikhi hii nzima: kinga iliitangulia dhara kwa takriban mwezi mmoja, na mamilioni ya watu hawakuitumia.

Sababu zao zilikuwa nyingi, na si zote za uzembe. Makampuni makubwa yalichelea kwamba kiraka kisichojaribiwa huenda kikaharibu programu zao za hesabu, na wale waliokuwa wakitumia nakala za Windows zisizo halali, ambao katika nchi nyingi walikuwa hawahesabiki, walikuwa wamezima masasisho yote wasije wakagunduliwa.

Mnyoo ulidhihiri mwishoni mwa Novemba. Wengine waliuita Downadup, wengine Kido, lakini jina lililoshika ni Conficker. Virusi vya kawaida aghalabu hujibandika katika faili na kungoja mtu alifungue, ilhali mnyoo hauna haja ya mtu. Hujinakili wenyewe kutoka kompyuta hii kwenda ile, usiku na mchana, muradi ziwe zimeungwa na ufa uwe wazi. Huu ulikuwa na werevu wa namna yake, kwani ukisha kuingia uliuziba, katika kumbukumbu ya mashine, ufa ule ule ulioupitia, mfano wa mwizi aingiaye nyumba isiyokomewa, kisha akakomea mlango wa mbele ili wezi wenziwe wasimfuate, na kujitobolea mlango wa uani ambao ufunguo wake anao yeye peke yake. Toleo la kwanza lilikuwa na ajabu nyingine: lilikagua mpangilio wa kibodi, na likikuta ni wa Kiukraine liliiacha mashine hiyo salama, jambo lililowafanya wachunguzi wengi wawadhanie watungaji wake kuwa ni wa pande hizo, wanaochelea kuvunja sheria za kwao.

Huo mlango wa uani ndio unaostahili kuelezwa kwa kituo. Mnyoo haukubeba anwani ya bwana wake, kwa kuwa anwani moja ingalijulikana na kufungwa mara moja. Ulibeba hesabu: kila siku, kwa kufuata tarehe ya siku hiyo, kila kompyuta iliyoambukizwa ilikokotoa majina 250 ya tovuti, yenye herufi zisizo na maana yoyote, ikayajaribu moja baada ya jingine kuuliza kama kuna amri mpya. Bwana wake, aliyeijua hesabu hiyo, alihitaji kusajili jina moja tu katika hayo kwa siku aipendayo, aiweke amri yake hapo, na mashine zote zingeipokea. Wala mtu baki hakuweza kujitia kuwa ndiye bwana, kwani kila amri ilipasa kuwa na saini ya siri ambayo mnyoo uliihakiki kabla ya kutii. Katika toleo la pili, lililotoka mwisho wa Desemba 2008, uhakiki huo ulitumia MD6, kanuni ambayo Profesa Ron Rivest wa chuo cha MIT na wenzake walikuwa wameitangaza miezi michache tu nyuma. Na ilipodhihirika kwamba programu ya kanuni hiyo ina kasoro, ikasahihishwa, toleo la mnyoo lililofuata nalo likaja na sahihisho lile lile. Aliyeyatenda hayo hakuwa kijana mtundu ajifurahishaye, bali mtu aliyefuatilia maandishi ya wanachuoni kwa bidii ambayo wenye afisi hawakuwa nayo katika kusoma tangazo la kiraka, na kwa rai yangu hakuna ushahidi wa kutisha zaidi ya huo katika khabari hii yote.

Toleo hilo la pili liliongeza njia mbili ambazo kiraka peke yake hakikuzizuia. Lilibahatisha maneno ya siri ya kompyuta za jirani kwa kufuata orodha ya maneno dhaifu ambayo watu huyachagua kwa uvivu, na lilijiandika katika kila flashi iliyochomekwa, hata mtu alipoipeleka flashi hiyo kwenye mashine nyingine alionyeshwa picha ya folda na maneno ya kumkaribisha afungue ayaone mafaili yake, kumbe ndiyo amri ya kuuwasha mnyoo. Januari 2009 jeshi la wanamaji la Ufaransa lililazimika kuutenga mtandao wake, na baadhi ya ndege zake za kivita za Rafale zikashindwa kuruka kwa kukosa mipango ya safari. Huko Sheffield, Uingereza, kompyuta 800 na zaidi za hospitali ziliambukizwa. Na kampuni ya F-Secure ilikadiria mwezi huo kwamba jumla duniani imekaribia milioni 9. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kebo ya SEACOM haikuanza kazi hadi Julai 2009 na intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya polepole, flashi ndiyo iliyobeba barua, hesabu na picha za arusi kutoka afisi hadi duka la intaneti na kurudi, basi njia hiyo ya pili ilikuta imekwisha kutengenezewa barabara.

Februari 2009 Microsoft, shirika la ICANN linalosimamia majina ya intaneti, na makampuni ya usalama ambayo siku zote hugombea wateja wale wale, waliungana, wakawa wanayatwaa majina ya kila siku kabla ya mwenyewe kuyafikia, na Microsoft ikaahidi dola 250,000 kwa atakayetoa khabari za kumtia mtungaji mbaroni. Jibu lilikuja Machi: toleo ambalo kuanzia tarehe 1 Aprili lingekokotoa majina 50,000 kwa siku, yaliyotawanywa katika vikoa zaidi ya 100, na vya Kenya, Uganda na Kongo vilikuwamo. Magazeti yalitangaza kiyama. Siku yenyewe ikapita kimya, na yapata wiki moja baadaye, kwa njia ya mashine kunong'onezana zenyewe kwa zenyewe bila ya tovuti yoyote, ikaja amri: kusambaza barua taka, na kuwatisha watu wanunue antivairasi ya uongo kwa dola 50 hivi. Nguvu ya kiasi hicho, kwa biashara duni ya kiasi hicho!

Kuung'oa kulitaka utaratibu zaidi ya nguvu. Mashine iliyopatwa ilijulikana kwa kuwa tovuti zote zilifunguka illa za Microsoft na za makampuni ya antivairasi, kwani mnyoo ulizuia kila anwani yenye majina hayo. Masasisho yalikuwa yamezimwa. Na katika afisi kubwa watumishi walikuta akaunti zao zimefungwa kwa wingi wa maneno ya siri yaliyobahatishwa. Fundi mwenye busara alianza kwa kuchomoa waya wa mtandao, maana mashine iliyosafishwa ikiwa bado imeungwa na wagonjwa wenzake iliambukizwa tena upesi. Kiraka na programu ya kusafishia, ambayo Microsoft iliiwezesha kuung'oa mnyoo huu Januari 2009, alivipakua kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, akavileta kwa sidii. Aliziba ufa, akasafisha, akazima tabia ya flashi kujifungua yenyewe, kisha akabadilisha maneno yote ya siri. Na kuna kosa moja ambalo Microsoft iliwahadharisha mafundi nalo waziwazi: kuingia katika mashine iliyoambukizwa kwa akaunti ya msimamizi mkuu wa mtandao, kwani mnyoo ulitwaa mamlaka ya aliyeingia na kuyatumia kuzifikia kompyuta zote alizozisimamia. Kurudisha mashine katika hali yake ya zamani hakukufaa, kwa kuwa kumbukumbu za hali hiyo zilikuwa zimefutwa mapema.

Mwaka 2011 Microsoft ilieneza sasisho la kuziondolea flashi uwezo huo wa kujifungua katika matoleo ya zamani ya Windows. Aprili 2016, miaka saba na nusu baada ya kiraka cha kwanza, wenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Gundremmingen, Ujerumani, walitangaza kwamba Conficker umekutwa katika kompyuta inayohusiana na mtambo wa kuhamishia fueli ya nyuklia. Programu haribifu zilikutwa pia katika vifaa 18 vya kubebea data, vingi vyake flashi.