Shela: Siku Bahari Ilipowatupa Mkono Wavamizi

Kutoka Lamu mjini, ukifuata ukingo wa maji kwa miguu, Shela ni mwendo wa kilomita tatu hivi. Ukishaupita msikiti wa Ijumaa uliojengwa 1829, nyumba zinakwisha na mchanga unaanza: kilomita kumi na mbili za ufuo mtupu, na nyuma yake matuta yaliyorundikwa na upepo wa kusi. Mgeni huona mahali pa kupumzikia. Waamu wanapajua kuwa uwanja wa vita.

Mwaka 1812 hivi, Mombasa ya akina Mazrui ilikuwa imeshikana na Pate, na wote wawili waliitaka Lamu. Vyombo vyao vilitia nanga Shela, jeshi likashuka. Waamu wakawakabili pale pale mchangani na kuwashinda. Waliosalia walikimbilia majahazi, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimelala kavu. Nyakati za bamvua, bahari ya huku hupanda na kushuka takribani mita tatu, na yakishakupwa utangoja saa sita hivi yajae tena. Nani angewapa saa sita? Wengi waliuawa ubavuni mwa vyombo vyao wenyewe. Zipo simulizi za uganga uliofukiwa ardhini kabla ya vita. Kwangu mimi, kupwa kwa maji kunatosha. Miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ungali ukifukua mifupa.

Ushindi huo uliwatia Waamu hofu: je, Mombasa ikirudi kulipiza kisasi? Wakapeleka wajumbe Maskati kwa mtawala wa Omani, Seyyid Said bin Sultan, naye akawaletea liwali na askari. Ngome ya Lamu ilikamilika 1821. Pate haikuinuka tena, na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwa Seyyid Said, ambaye alihamishia makao yake Unguja. Sidhani Waamu walikusudia kumkabidhi mtu pwani nzima. Walitaka ulinzi dhidi ya jirani, basi.

Siku hizi kinachogombewa Shela ni ardhi. Matuta yale huchuja mvua na kuhifadhi chini yake maji matamu yanayonywewa Lamu mjini, na majumba ya kifahari yanazidi kuyasogelea.