Safu ya Lugha: Si kila msemo ni methali

Huku Kilungu, kuanzia soko la Nunguni hadi kwenye harambee, kila usemi mtamu siku hizi huitwa methali. Hata "O kila nyumba kalila" utasikia ukiitwa hivyo. Hiyo ni kaulimbiu. Ilivuma enzi za Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni (2013–2022), ikiahidi kwamba kila nyumba itapata fungu lake.

Methali imetoka kwenye neno la Kiarabu mathal, yaani mfano. Ndugu yake ni mithali, jina la kitabu kimojawapo cha Biblia. Wakamba huziita nthimo. Methali hurithiwa, na hubeba hukumu juu ya tabia ya binadamu: "Nyani haoni kundule" humsema mtu asiyeziona kasoro zake. Nahau, kama "kupiga chuku", hupamba sentensi tu, haitoi funzo. Msemo ni jina pana la usemi wowote uliozoeleka.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kutamka "wahenga walisema", jiulize: usemi huu umerithiwa, na una funzo? Kama sivyo, uite kwa jina lake.