Kutoka Kodi ya Nyumba Hadi Mgao wa Kaunti: Historia ya Fedha za Serikali za Mitaa Kenya

Tangu enzi za ukoloni, serikali za mitaa nchini Kenya zimebebeshwa shule, zahanati, barabara na masoko huku vyanzo vikubwa vya fedha vikibaki mikononi mwa serikali kuu. Upungufu wa bajeti unaozisumbua kaunti 47 za leo una mizizi iliyoanza zaidi ya miaka mia moja kabla ya Katiba ya 2010, na maamuzi machache yaliyofanywa Nairobi ndiyo yaliyoukuza.

Kodi ya kwanza kuenea bara ilikuwa kodi ya nyumba, iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 1901. Ilihesabiwa kwa paa, si kwa mtu: mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipa mara tatu. Mwaka 1910 kodi ya kichwa ikaongezwa ili kuwanasa vijana ambao hawakuwa na nyumba. Fedha hizo, wakati huo rupia, ziliingia katika hazina ya serikali ya kikoloni, na kazi yake ilikuwa kuendesha utawala na kuwasukuma wanaume wakatafute mshahara katika mashamba ya walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kodi ilipandishwa hadi shilingi 16 kwa mwaka. Vuguvugu lililomfanya Harry Thuku ajulikane kote nchini lilichochewa na kodi hiyo pamoja na kipande (pasi ya lazima ya kazi) na kupunguzwa kwa mishahara, na mwaka 1922 serikali iliishusha hadi shilingi 12. Wilaya zilikokusanywa fedha hizo hazikuwa na chombo chochote cha kuamua zitumikeje.

Chombo cha kwanza kilikuja kwa sheria ya mwaka 1924 iliyounda Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya za Waafrika. Mkuu wa wilaya, Mzungu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na hakuna bajeti iliyopita bila idhini yake. Hata hivyo mabaraza yaliruhusiwa kutoza kodi ndogo juu ya ile ya serikali, na hapo wajumbe walionyesha walichokitaka: shule. Walikuwa tayari kuongeza mzigo wa kodi kwa watu wao wenyewe ili watoto wasome mahali pasipotawaliwa na wamisionari. Shule za serikali za Kakamega, iliyofunguliwa 1932, na Kagumo huko Nyeri, iliyofuata 1933, zilitokana na msukumo na michango ya mabaraza hayo. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi katika historia ya Kenya wa kodi iliyotozwa karibu na mlipaji na kuonekana imefanya nini.

Upande wa walowezi mambo yalikwenda kinyume. Tume ya Jaji Richard Feetham, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, ilipendekeza mfumo wa manispaa na mabaraza ya wilaya kwa maeneo ya Wazungu, na sheria zake zikapitishwa mwaka 1928. Mabaraza ya walowezi mashambani yaliishi zaidi kwa ruzuku ya barabara kutoka serikali kuu na kwa muda mrefu yalikwepa kuwatoza wakazi wake kodi ya ardhi. Mkulima wa Kiafrika, kwa upande wake, alilipa kodi ya serikali, kisha akalipa ya baraza lake ili apate zahanati. Tofauti hiyo iliendelea hata baada ya Mabaraza ya Wenyeji kugeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika mwaka 1950.

Uhuru ulipofika Desemba 1963, nchi ilikuwa na katiba ya majimbo yenye mikoa saba, kila mmoja na bunge lake, ukiacha eneo la Nairobi. Majimbo hayo hayakutimiza hata miaka miwili: serikali ya Jomo Kenyatta iliyanyima fedha na watumishi, kisha ikayafuta kwa marekebisho ya katiba Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 12, 1964. Kilichobaki chini ya serikali kuu ni mabaraza ya kaunti, yaliyorithi mabaraza ya wilaya, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kupindukia. Ndiyo yaliyoendesha elimu ya msingi, vituo vya afya vya vijijini na barabara ndogo, wakati wazazi wa taifa jipya walikuwa wakifurika shuleni na watoto wao.

Chanzo chao kikuu cha fedha kilikuwa kodi ya mtu binafsi iliyopanda kulingana na kipato. Kwenye makaratasi ilikuwa ya haki kuliko kodi ya kichwa, kwa kuwa mwenye nacho alipaswa kulipa zaidi. Mashinani, mtu aliyeajiriwa alikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, lakini mkulima au mchuuzi alikadiriwa kipato na watu waliomfahamu, na walio wengi waliangukia kiwango cha chini kabisa. Askari wa baraza waliweka vizuizi barabarani na sokoni wakidai risiti. Asiyekuwa nayo alikamatwa, na aliyekuwa nayo aliitunza mfukoni kama kitambulisho. Gharama ya kumkimbiza mdaiwa mmoja mara nyingine ilikaribia deni lenyewe.

Walimu ndio waliouhisi upungufu kwanza. Mwajiri wao alikuwa baraza, na mabaraza mengi yalilipa mishahara kwa kuchelewa au kwa mafungu. Chama cha walimu, KNUT, kilichoanzishwa 1957, kilifanya dai la mwajiri mmoja wa kitaifa kuwa vita yake kuu, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu ikaundwa kwa sheria. Mwalimu wa kijijini alifurahi, na alikuwa na kila sababu, kwa kuwa mshahara ulianza kufika. Lakini mabaraza yalikuwa yamepoteza jambo lililoyafungamanisha na wananchi kwa zaidi ya miaka arobaini. Tume ya uchunguzi ya Hardacre ilikuwa tayari imechunguza mfumo mzima wa serikali za mitaa mwaka 1966 na kukuta mabaraza yakielemewa.

Serikali ingeweza kuyapa fedha zaidi. Ilichagua kuyaondolea kazi. Sheria ya Kuhamisha Majukumu ya mwaka 1969 ilichukua elimu ya msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti kuanzia Januari 1970, na kodi ya mtu binafsi ikaenda pamoja nayo, kabla ya kufutwa kabisa miaka michache baadaye. Manispaa kubwa kama Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru zilisazwa kwa sababu zilikuwa na kodi ya viwanja. Kwingineko baraza la kaunti lilibaki na soko, leseni, mnada wa mifugo na ushuru wa mazao. Uamuzi huo ndio ulioharibu zaidi serikali za mitaa za Kenya. Diwani aliendelea kuchaguliwa, ila hakuwa tena na kitu kikubwa cha kuwafanyia waliomchagua, na baraza lisilo na shule wala zahanati ya kuonyesha halikuwa na hoja ya kumdai mtu senti.

Waliokuwa na mali ya pekee walipona kidogo. Baraza la Kaunti ya Narok lilisimamia hifadhi ya Maasai Mara tangu 1961, na viingilio vya watalii vililifanya kuwa miongoni mwa mabaraza tajiri zaidi nchini. Jirani yake wa Kajiado alikuwa na Amboseli kwa mpango kama huo, hadi serikali kuu ilipoigeuza kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1974. Chanzo cha fedha cha wilaya nzima kilihamia Nairobi kwa tangazo la serikali, na Wamaasai wa Kajiado waliendelea kuidai Amboseli kwa miongo kadhaa.

Miaka ya 1980 ilizidi kukaza kamba. Mpango wa kuelekeza maendeleo wilayani, ulioanza Julai 1983, uliweka maamuzi mikononi mwa wakuu wa wilaya, watumishi wa Ofisi ya Rais, na kuwaacha madiwani pembeni. Mwaka huohuo Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992. Mabaraza yaliyokuwa yakizama katika madeni yalipewa kodi mpya ya huduma mwaka 1988, iliyokatwa kwenye mishahara na kutozwa wafanyabiashara. Ilileta fedha nyingi mijini, lakini waajiri waliilalamikia na wafanyakazi hawakuona huduma yenyewe. Muongo uliofuata ulipomalizika, ilikuwa imefutwa.

Nafasi yake ilichukuliwa na Hazina ya Kuhamishia Fedha kwa Serikali za Mitaa, maarufu kama LATF. Sheria yake ilipitishwa 1998 na malipo yakaanza mwaka wa fedha wa 1999/2000. Hazina hiyo ilitengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato, ikagawanywa kwa kanuni iliyozingatia idadi ya watu. Ili lipate mgao wake kamili, baraza lilitakiwa kuwasilisha hesabu, bajeti na mpango wa kulipa madeni. Kwa mara ya kwanza tangu 1970 fedha za serikali kuu zilifika kwa mabaraza yote kwa kanuni iliyojulikana mapema, bila makarani kupiga magoti wizarani. Kiasi chenyewe hakikutosha kufufua huduma. Wabunge nao walijipatia mfuko wao wa maeneo bunge mwaka 2003, uliopewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na mwananchi akazoea kumwendea mbunge, badala ya diwani, kuomba darasa au karo.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilifuta mabaraza 175 na kuweka kaunti 47, zilizofuata mipaka ya wilaya za mwaka 1992. Kazi zilizonyang'anywa 1969 zilirudi kwa sehemu kubwa: hospitali na zahanati, barabara za kaunti, kilimo, maji, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na walimu wake zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Kifungu cha 203 kiliahidi kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hesabu hizo kwa kawaida zilikuwa za miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo asilimia ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa kweli. Uwezo wa kutoza kodi uliachwa mwembamba. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo na kodi ya burudani, pamoja na ada za huduma. Kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha ni za Nairobi.

Mgao wa kwanza wa mwaka mzima, 2013/14, ulikuwa shilingi bilioni 190. Kaunti zenyewe zilikusanya takriban bilioni 26 mwaka huo, na baadhi ziliharakisha kupandisha ada ili kuziba pengo. Wafanyabiashara waliandamana. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Hukumu hiyo ilibadilisha desturi ya kaunti zote: leo ada mpya hutakiwa kupitia vikao vya hadhara, na iliyotungwa chumbani huweza kuishia mahakamani.

Ushuru wa mazao unaonyesha vizuri ni nani hulipia upungufu. Lori la viazi linapotoka Kinangop hulipishwa na kaunti lilikopakia kwa hesabu ya magunia. Njiani hukutana na vizuizi vya kaunti nyingine, na likifika Soko la Wakulima jijini Nairobi hutozwa tena langoni kabla ya kushusha. Dereva hulipa taslimu na kukunja risiti kwenye dashibodi. Mchuuzi huongeza kiasi hicho kwenye bei ya debe, au humpunguzia mkulima. Kwa miaka mingi kodi ya viwanja, ambayo ingewagusa wenye mali, ililala. Jijini Nairobi orodha ya thamani za viwanja ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitumika kwa karibu miaka 40, na kiwango kikapandishwa hadi asilimia 34 ya thamani hiyo ya zamani. Kiwanja kilichoandikwa shilingi 100,000 kililipiwa 34,000 kwa mwaka hata kilipokuwa kimezungukwa na maghorofa ya mamilioni. Orodha mpya ya 2019 iliporekebisha thamani, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.115.

Hospitali ndizo zilizobeba uzito wa ugatuzi. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na wa wauguzi ukaendelea kwa miezi mitano mwaka 2017, kaunti na serikali ya kitaifa zikirushiana jukumu la kulipa. Kuanzia 2015, gharama za mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98 zilikatwa kwenye fedha za kaunti, ingawa wizara ndiyo iliyotia saini mikataba. Kulikuwa na hospitali zilizopokea mashine bila umeme wa kutosha wala mtaalamu wa kuzitumia. Kwa upande mwingine, ada aliyolipa mgonjwa iliingia katika mfuko mkuu wa kaunti na kukaa huko wakati wadi ikikosa glavu. Sheria ya mwaka 2023 ya kuboresha vituo vya afya iliruhusu hospitali kubaki na fedha zinazokusanya.

Nao mvutano kuhusu kanuni ya kugawa fedha kati ya kaunti ulifikia kilele mwaka 2020. Maseneta walishindwa kukubaliana katika vikao kadhaa, wale wa kaunti kame wakihofia kupoteza kwa idadi ya watu, na Agosti watatu kati yao wakakamatwa. Suluhu ya Septemba iliahirisha kanuni mpya hadi mgao ulipopanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka wa 2021/22. Tatizo la ucheleweshaji halikuisha. Fedha hutoka Hazina ya Kitaifa kwa vipande, mara nyingi miezi miwili au mitatu baada ya wakati wake, na hakuna shilingi inayotoka benki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mkandarasi ndiye hungoja. Madeni ya kaunti kwa wauzaji na wakandarasi yamezidi bilioni 150, na mengine yalirithiwa kutoka mabaraza ya zamani.

Mwaka 2023/24 makusanyo ya kaunti yote yalikaribia bilioni 59, zaidi ya mara mbili ya yale ya mwanzo, ingawa bado ni sehemu ndogo ya mgao wa bilioni 385 wa mwaka huo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, mgao wa 2024/25 uliokuwa umeahidiwa kuwa bilioni 400.1 ulikatwa hadi bilioni 387.4, mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza. Kaunti zililazimika kuandika upya bajeti zilizokwisha kupitishwa, na zikabaki zikivutana na wabunge kuhusu bilioni 10.5 za ada ya mafuta ya kutengeneza barabara. Mwaka 2025/26 mgao ulipanda hadi bilioni 415.