Ukungu Juu ya Ua: Historia Fupi ya Picha Laini

Leo tupumzishe PHP na hifadhidata, tuzungumzie maua. Ndiyo, maua! Weka mbele ya watu picha ya ua lililopigwa kwa karibu mno, petali zimeyeyuka zikabaki rangi tupu, na hakosi mtu wa kusema: "Hiyo imeharibika, haina fokasi." Ubishi huo ni mkongwe kuliko tarakilishi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Picha iliyokosa fokasi ni ile ambayo kila nukta imepanuka ikawa duara. Picha laini ni kitu kingine. Lenzi sahili ina kasoro: miale inayopita ukingoni hukutana mahali tofauti na ile inayopita katikati. Basi chini unapata picha kali, na juu yake mwanga umetanda kama mvuke wa chai. Mafundi wa karne ya 19 walihangaika sana kuiondoa kasoro hiyo. Walipofaulu, wateja wakaidai irudishwe! Mwanzoni mwa karne ya 20, Pinkham & Smith wa Boston waliuza lenzi zilizofanywa laini makusudi. Mwaka 1935 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ikatoa Thambar, iliyokuja na kichujio chenye doa jeusi katikati: kinazuia miale mizuri, kinaacha ile mikorofi ya ukingoni. Mimi kama mtu wa programu nacheka. Hitilafu imegeuzwa kuwa huduma, tena inauzwa ghali.

Kwa nini waliutaka ukungu? Kamera ilidharauliwa kuwa mashine tu, isiyo na sanaa. Wapiga picha kama wale waliomzunguka Alfred Stieglitz huko New York kuanzia 1902 walitaka kazi zao ziheshimiwe kama michoro, na wengi wao waliupenda ulaini.

Hapa ndipo anaingia Imogen Cunningham, ambaye kwangu ndiye kiini cha habari yote. Alisomea kemia Chuo Kikuu cha Washington akahitimu 1907, na picha zake za mwanzo zilikuwa za ukungu kabisa. Miaka ya 1920, akiwa California na watoto watatu wadogo wa kulea, aligeuzia kamera mimea ya bustanini kwake. Picha yake ya ua la magnolia ya 1925 imeingia hadi ndani ya ua, karibu huoni kitu kingine. Alipiga pia maua ya kala (na kala, kwa taarifa yako, asili yake ni kusini mwa Afrika, si California). Picha hizo ni kali, kila mstari unahesabika, na bado ni dhahania: unaona maumbo kabla hujaona ua. Kumbe ukungu si sharti la udhahania.

Mwaka 1932 yeye, Edward Weston, Ansel Adams na wenzao wakaunda kundi la f/64, jina la tundu dogo sana la lenzi za kamera kubwa, linaloleta ukali mbele hadi nyuma. Walifanya maonyesho San Francisco mwaka huo huo, na picha laini zikaanza kuonekana za kizamani. Binafsi naona walizidisha. Kuchagua ukali wote nako ni kuchagua.

Na ukisogea karibu vya kutosha, fizikia haikuachii uchaguzi mwingi. Piga hesabu: ua likitua kwenye filamu ya milimita 35 kwa ukubwa wake halisi, tundu likiwa f/2.8, sehemu inayoonekana kali ina kina cha takriban theluthi moja ya milimita. Ziba hadi f/16, unapata kama milimita mbili. Yaani ncha ya stameni moja iko kwenye fokasi, jirani yake haipo.

Miaka ya 1980, Michael Orton wa Kanada alipata njia nyingine. Alipiga slaidi mbili za kitu kimoja, moja kali na moja bila fokasi, zote zikiwa na mwanga wa ziada, kisha akazibandika pamoja. Kwa nini mwanga wa ziada? Kwa sababu mwanga unaopenya slaidi mbili ni zao la kuzidisha, na 0.5 mara 0.5 ni 0.25, bila hiyo ziada picha ingekuwa giza. Ukiijua hiyo unaweza kuiandika kwa mistari michache ya kodi.

Simu nazo zimeingia. iPhone 7 Plus ya 2016 ilikadiria umbali kwa kamera mbili, kisha ikatia ukungu nyuma kwa hesabu. Ua huitesa hesabu hiyo, maana stameni ni nyembamba na petali zinapitisha mwanga. Lakini kosa ninaloliona zaidi kwenye kodi za watu ni hili: tone la umande linalometa limeshakatwa likaishia 255. Ukilisambaza, linakuwa kijivu. Ndani ya lenzi halisi, tone hilo lina mwanga mara nyingi zaidi ya huo, kwa hiyo hata likipanuka likawa duara, duara linabaki linang'aa. Anza na faili ghafi, sambaza mwanga wenyewe kabla ya kuubana kwa ajili ya skrini, halafu linganisha picha hizo mbili kando kwa kando.