Tumbaku, dola na mvutaji wa Ufipa

Katika muda wa miaka miwili Bunge letu lilitunga sheria mbili juu ya mmea mmoja. Sheria ya Tasnia ya Tumbaku ya 2001 iliiweka Bodi ya Tumbaku ili zao listawi na liuzike. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003 ikaweka mipaka ya uvutaji hadharani na kukataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Ni ipi kati ya hizo iliyofika kijijini? Historia ya Rukwa inajibu vizuri kuliko ripoti za wizara.

Mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, Mpanda ilikuwa ndani yake. Huko, katika makazi ya Katumba na baadaye Mishamo, wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 walikuja kuwa wakulima wa tumbaku. Zao hili halilimwi kwa kubahatisha: lahitaji mbegu, mbolea ya mkopo, bani la kukaushia, mtu wa kupanga madaraja, chama cha msingi na mnunuzi. Dola ilijua kuvifikisha hivyo vyote porini. Juu kwenye uwanda wa Ufipa, mahindi, maharage, ulezi na ngano viliendelea kutawala. Mwaka 2012 Mpanda ikaenda Katavi pamoja na mashamba yake ya tumbaku. Wavutaji wa Sumbawanga na wanusaji ugoro wakabaki.

Kwa hiyo hoja ya riziki ya mkulima, ambayo Tabora ina uzito na haifai kubezwa, katika Sumbawanga ya leo ni nyepesi mno. Hapa suala ni afya.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, miaka minne baada ya kutunga sheria yake. Mwaka huohuo nchi wanachama, zilizokutana Bangkok, zilikubaliana kwamba kutenga vyumba vya wavutaji hakumlindi asiyevuta. Sheria yetu iliruhusu maeneo ya kutengwa. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2007, Uganda mwaka 2015, na zote mbili zilishtakiwa na kampuni ya sigara zikashinda mahakamani mwaka 2019. Sisi hatukushtakiwa; sioni kama hiyo ni sifa.

Lakini pengo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye Ibara ya 14 ya mkataba, inayozitaka serikali zimsaidie mraibu kuacha. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta watu wazima 8.7 kwa kila 100 wakitumia tumbaku. Mmoja wao, aliyeko Laela au Matai, akiamua leo kuacha, aende dirisha gani? Dawa za kuziba pengo la nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika hilo tangu 2009. Wala tusiseme hatujui kutibu uraibu: Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni mwaka 2011, bila kuwatoza.

Uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu, na kliniki za kifua kikuu tayari zipo wilayani. Muuguzi anayemwona mgonjwa huyo mwezi baada ya mwezi angeweza kumuuliza kama anavuta, kumshauri, na kumpangia siku ya kuacha. Bwana shamba wa tumbaku alifundishwa, akapewa baiskeli na ratiba. Muuguzi huyu apewe nini, na fedha zitoke fungu lipi la bajeti ya halmashauri?